Kitabu Kilichoachwa Benchini

Fundi viatu hakuwa na kibanda. Alifanyia kazi chini ya ngazi za jengo la maduka, mahali ambapo mwenye jengo alimvumilia kwa sababu viatu vya familia yake vilishonwa bure. Hakuwa na kiti chenye mgongo, hakuwa na kibao cha kumtangaza, hakuwa na meno ya kutafunia upande wa kushoto. Hakuwa na cheti cha kutundika ukutani, ingawa alisoma madarasa ya jioni kwa bidii mpaka mwalimu mwenyewe akawa anamwachia chaki aandike ubaoni. Hakuwa na mtoto aliyebaki nyumbani wa kutumwa dukani. Na tangu watu wazoee viatu vya plastiki, ambavyo vikikatika hutupwa jalalani, hakuwa na wateja wa kulipia hata kodi ya vyumba viwili alimoishi na mkewe na mama mkwe wake.

Alichokuwa nacho ni mke mwenye ajira. Mkewe alikuwa mhudumu wa vyumba katika nyumba moja ya wageni: alitandika vitanda, alisugua mabafu, alikusanya nywele za watu asiowajua kwenye foronya. Mshahara wake ndio uliowashikilia mjini. Fundi alilijua hilo vizuri, ila hakupenda lisemwe mbele ya watu.

Jioni moja mkewe alirudi, akavua viatu mlangoni, akatoa kitabu kwenye mkoba.

"Baba watoto, hiki chako. Mgeni amekiacha juu ya mto."

"Amekisahau."

"Hajakisahau. Soma ndani."

Kwenye ukurasa wa kwanza mgeni alikuwa ameandika kwa haraka kwamba amekimaliza, atakayekikuta akichukue, akisome, halafu amwachie mwingine popote. Mwandiko ulilala huku na huku kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Fundi aliutazama kwa masikitiko.

"Mtu ana hela ya kulala kwenye kitanda cha springi, na hajui kukaza mkono."

"Wewe soma kitabu, acha mkono wa watu," mama mkwe alisema kutoka kitandani. Miguu ilimsumbua, na masikio yake yalifanya kazi ya miguu.

Kilikuwa kitabu cha upelelezi, ila upelelezi wa upole. Karani mstaafu wa posta anamkuta kiongozi wa kwaya amekufa ndani ya banda la maua, na tangu hapo hakuna tena damu wala bastola, ni watu tu wanaotembeleana, wanakunywa chai na kudanganyana kwa adabu. Fundi alisoma kwa sauti kila walipomaliza kula. Mkewe alisikiliza huku amelowesha miguu kwenye beseni. Mama mkwe alimshuku daktari wa meno tangu alipotajwa.

"Mtu kazi yake kutia vidole vinywani mwa watu, unamwaminije?"

"Mama, ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi unao wewe mwenye kitabu. Endelea."

Kwa siku chache vyumba vile viwili vilikuwa na kitu kingine cha kuzungumza zaidi ya kodi na miguu. Muuaji alipojulikana, mama mkwe alinuna kutwa nzima, kana kwamba mwandishi alimwonea kwa makusudi.

*

Kitabu kilikuwa kimelegea jalada. Fundi angeweza kukiacha hivyo hivyo, lakini hakuwa mtu wa kutoa kitu mikononi mwake kikiwa kimelegea. Alikishona mgongo kwa msharasi, sindano yake nene ya viatu, na uzi uliopakwa nta, akakivika jalada jipya la ngozi ya kahawia iliyobaki kwenye buti la mteja. Kisha akafanya kama afanyavyo kwenye kiatu: kila ngozi lazima iwe na kitu cha kuitandika kwa ndani. Akapaka gundi, akaulaza ukurasa wa kwanza juu ya ngozi, akaugandamiza chini ya nyundo na mawe mpaka asubuhi.

Ukurasa ule ndio uliokuwa na maneno ya mgeni. Hilo hakulisahau. Alilikusudia, kwa sababu hakuona vizuri kitabu chenye sura kama ile kianze na mwandiko wa namna ile. Kwenye ukurasa uliofuata aliyaandika maneno yale upya, kwa wino mweusi na herufi zilizosimama wima: *Ewe msomaji mwema utakayekiona kitabu hiki, kichukue bila hofu, kisome kwa utulivu, kisha ukiache mahali ambapo mwenzako naye atakiona.*

"Sasa ndiyo barua," alimwambia mkewe.

Mkewe alipitisha kidole juu ya ngozi. "Kimekuwa kizuri mpaka watu wataogopa kukigusa."

Na kweli waliogopa. Fundi alikwenda nacho hospitali siku aliyompeleka mama mkwe kutibiwa miguu. Alikiweka kwenye benchi la wanaosubiri, akainuka kama mtu mwenye haraka. Hakufika mlangoni.

"Mzee! Mzee, umesahau kitabu chako!"

Alirudi, akashukuru, akakihamishia benchi la dirisha la dawa. Kijana mwenye mkono uliofungwa bendeji alimkimbilia nacho mpaka uani. Benchi la tatu, mfagiaji alimgombeza kwa uzembe.

"Mkwe," mama mkwe alimwambia, akicheka mpaka akashika kiuno, "umepata kuona mwizi anakosekana hivi siku unayomhitaji?"

Mwishowe alikichomeka pembeni ya benchi moja karibu na wodi ya wanaume, akamshika mama mkwe mkono, wakatoka polepole bila kugeuka.

*

Saa ya mgeni mmoja ilipotea katika ile nyumba ya wageni. Meneja aliwaita wahudumu wote mapokezi, akawapanga mstari kama wanafunzi waliochelewa. Alikuwa kijana wa tai, mwenye macho ya mtu asiyelala, kwa kuwa mwenye nyumba aliishi mbali na alimpigia simu kila jioni kumkumbusha kwamba mameneja ni wengi.

"Nauliza mara moja. Yupo aliyewahi kutoa kitu chochote cha mgeni humu ndani? Chochote."

Wahudumu wengine walitazama sakafu. Mke wa fundi alilelewa kwamba ukiulizwa unajibu.

"Mimi nilichukua kitabu," alisema. "Mgeni aliandika kichukuliwe."

Vyumba vilipekuliwa, na saa ilipatikana kabla ya magodoro kurudishwa mahali pake, imeangukia nyuma ya kitanda. Mgeni aliomba radhi, akaondoka. Lakini kitabu kilikuwa kimeshatamkwa, na meneja alikuwa ameshampigia simu mwenye nyumba kumwambia kwamba amempata mtu.

"Mama, kanuni unaijua," alimwambia ofisini. "Kinachoachwa chumbani kinaletwa hapa. Mimi nitamwambia nini mkubwa? Kwamba nilikosea?"

"Mwambie kilikuwa kitabu."

"Leo kitabu, kesho pochi. Ndivyo atakavyosema." Alijikuna shingo chini ya kola. "Kama kweli mgeni aliandika, kilete nikione. Nikiona maneno ya mgeni kwa macho yangu, yamekwisha. Nisipoyaona, sitaweza kukutetea. Mwisho wa wiki hii."

Alirudi nyumbani, akasimulia akiwa bado amesimama. Mama mkwe aliuliza kama meneja ana mama. Fundi alikwishavaa viatu.

*

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda vilivyokaribiana. Fundi na mkewe hawakuwa na haja ya kuuliza, kwa kuwa walikisikia kitabu kabla ya kukiona. Kando ya kitanda cha dirishani mama mmoja wa makamo, khanga mabegani, alikuwa akisoma kwa sauti, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameelekeza vichwa kwake. Mumewe alilala chali, macho nusu wazi, mpira wa maji mkononi. Haikujulikana kama alisikia.

"Shikamoo, mama," fundi alisema. "Samahani. Kitabu hicho..."

"Marahaba. Kina nini?"

"Ni chetu. Yaani, tulikiacha sisi. Tunakiomba."

Mama yule alikifunga huku kidole kikiwa ndani. "Mlikiacha, halafu mnakiomba?"

"Kuna shida kazini kwa mke wangu."

"Baba, hapa pameandikwa." Alifungua mwanzoni, akasoma kwa sauti ya kumshitaki mbele ya wodi nzima: "*Kichukue bila hofu, kisome kwa utulivu.* Utulivu gani huu? Tumefika pale mpwa wa marehemu amefichwa kabatini, wewe unaingia na kuomba kitabu!"

"Asikipate!" mgonjwa wa kitanda cha pili alisema. "Mimi nakatwa mguu kesho, nataka nijue muuaji kwanza."

Wengine wakacheka, na kicheko chao kilikuwa cha watu waliokikosa muda mrefu. Fundi alisimama katikati akiwa na kofia mkononi. Alijihisi mwizi wa kitu chake mwenyewe.

Mkewe ndiye aliyechuchumaa karibu na kiti. Alieleza polepole: saa, mstari wa mapokezi, meneja, mwisho wa wiki. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaukunja ukurasa aliofikia, akamkabidhi.

"Chukua, mwenzangu. Kazi si ya kuchezea." Alimtazama mumewe kitandani. "Ila mkirudishe. Nikikaa hapa nikimwaza muuaji, napata kupumzika kumwaza huyu."

"Kitarudi kesho," fundi alisema. "Nakupa neno langu."

*

Meneja aliwapokea ofisini. Alikipima kitabu mkononi, akasifu ngozi.

"Kazi safi hii. Umenunua wapi?"

"Nimekishona mwenyewe," fundi alisema.

"Hongera, mzee." Meneja alifungua, akasoma maneno ya mwanzo polepole. Uso ulianza kumlainika. Mke wa fundi aliona, akashusha pumzi. "Haya, mbona yamekaa vizuri tu. Mgeni mwenye mwandiko kama huu ni msomi. Huu mwandiko wa nani, tuna jina lake kwenye daftari?"

"Wangu," fundi alisema.

Alilisema kwa sauti ya mtu aliyesifiwa hadharani baada ya kusubiri maisha yake yote. Neno lilikwishatoka ndipo alipouona uso wa mkewe.

Meneja alikiweka kitabu mezani.

"Wako."

"Ya mgeni yapo chini. Hapa, ndani ya ngozi. Yalikuwa... nilitaka yasomeke vizuri. Ngoja nikuonyeshe."

Alitoa kisu kidogo cha kazi. Alianza kwenye kona, akaingiza ncha, akabandua. Gundi yake ilikuwa gundi nzuri. Aliichanganya mwenyewe, na alikuwa na desturi ya kuwaambia wateja kwamba soli ikitoka wamrudishie kiatu akitengeneze bure. Karatasi iliinuka nyuzi nyuzi, weupe mtupu, kama pamba inayotoka kwenye mto uliopasuka. Alijaribu kona nyingine. Alitema mate kwenye kidole akaulowesha. Wino ukayeyuka ukawa doa la samawati.

"Hapa palikuwa na neno *mwingine*," alisema. "Linaonekana kidogo. Tazama."

"Mzee, acha."

"Lipo, angalia pale—"

"Baba watoto," mkewe alisema. "Acha."

Aliacha. Mezani palikuwa na vumbi la karatasi, na meneja alilifagia kwa kiganja, bila hasira, akalitia kwenye kapu.

Akasema hawezi kumfukuza mtu kwa kitabu. Akasema pia hawezi kumwambia mkubwa kwamba hakuna lililotokea. Mama aandike kwa mkono wake kwamba alichukua mali ya mgeni bila idhini na hatarudia. Atabaki kazini, ila vyumbani asiingie tena, atahamia kufua mashuka uani. Mshahara wa kufua uko chini kidogo, lakini ni mshahara.

"Hakuchukua bila idhini!" fundi alisema. "Mimi hapa ndiye—"

"Nipe kalamu," mkewe alimwambia meneja.

Aliandika akiwa amesimama, ameinamia kona ya meza, herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Aliweka kila neno aliloambiwa. Fundi, ambaye majirani wote walimletea barua zao awaandikie, alisimama nyuma yake akitazama ukuta.

"Na kitabu?" aliuliza walipotaka kutoka. "Kuna mama hospitali anakisubiri."

"Kitabu ndicho chenyewe kilichookotwa, mzee." Meneja alifungua kabati la bati. Ndani mlikuwa na miavuli, kandambili za mguu mmoja, chaja za simu, seti ya meno ya bandia ndani ya glasi kavu. Alikiweka katikati yao. "Mkubwa akija ataamua. Huwa anakuja mara moja kwa mwaka."

*

Nyumbani hakuna aliyegomba, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mkewe alitoka asubuhi na kurudi jioni na mikono iliyovimba kwa soda ya kufulia. Alipakua chakula, akakiweka mbele ya mumewe, akaenda kukaa kwa mama yake. Akihitaji kitu alikitafuta mwenyewe. Fundi alishinda chini ya ngazi zake akipiga misumari pasipohitaji misumari.

Siku iliyofuata hakwenda hospitali. Ya pili pia hakwenda. Alijiambia kwamba mtu hawezi kwenda mikono mitupu kwa mtu aliyempa neno lake.

"Mkwe," mama mkwe alisema jioni ya tatu, "yule mama wa wodini ulimwambia nini?"

"Kwamba kitarudi kesho yake."

"Na kesho yake ni lini kwako?"

Mkewe, aliyekuwa akijipaka mafuta viganjani, alizungumza bila kugeuka.

"Aibu uliyonayo ni ya kwako. Yeye hajakufanyia lolote. Amekaa pale kwenye kiti, hajui kama tulimdanganya au tulikufa. Kitabu kimefungiwa. Lakini wewe si ulikisoma?"

Fundi alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkewe kumwambia sentensi nzima tangu siku ile ya ofisini.

Alifuta meza. Alichukua karatasi, akakaza mkono, akaandika: *Kwako mama mheshimiwa, ni matumaini yangu makubwa kwamba waraka huu utakukuta*—

"Umeanza," mkewe alisema.

"Nimeanza nini?"

"Kushona jalada tena. Mama ana mgonjwa. Mwambie kilichotokea."

Aliichana. Akaanza upya, kwa maneno ambayo angemwambia mtu akiwa amekaa naye: kwamba kitabu kimefungiwa kabatini, kwamba kosa ni lake yeye fundi na si la mkewe, na kwamba atamwandikia yaliyobaki kama anavyoyakumbuka.

"Nimtaje muuaji hapa juu? Asisumbuke?"

Mkewe alifikiri. Alikuja akakaa kwenye kiti cha pili, mikono yake mezani, vidole vyote vyekundu.

"Hapana. Mzungushe. Alisema anapumzika akizungushwa."

Basi walimzungusha. Fundi aliandika jinsi mpwa alivyotoka kabatini na kukutwa hana hatia ila ya deni la mvinyo. Mkewe alikumbuka paka aliyekataa maziwa, jambo ambalo fundi alikuwa amelisahau kabisa. Mama mkwe alidai daktari wa meno aandikwe kwa ukali zaidi.

"Lakini hakuua, mama."

"Hakuua, ila nia alikuwa nayo. Andika hivyo."

Aliandika hivyo. Kisha likaja lenyewe: mwenye duka la maua, mwanamke mpole asiyesemwa na mtu, ambaye alileta shada la msiba asubuhi ile, kabla mtu yeyote hajatangaza kwamba kuna msiba. Fundi alitaka kueleza maana yake. Mkewe akamwekea kiganja juu ya karatasi.

"Muache aone mwenyewe."

Karatasi zilikuwa nyingi, na mwandiko wa mwisho haukufanana na wa mwanzo. Ulikimbia, ulipanda na kushuka, pengine ulikatwa na kuandikwa juu yake. Fundi alizisoma zote, akazikunja bila kuzinakili, akazitia ndani ya bahasha.

"Hujatia saini," mkewe alisema.

"Haina haja."

Mkewe alimtazama kidogo, kama mtu anayesikia hatua zinazojulikana ngazini. Akaichukua bahasha mkononi mwake, akaulamba ulimi wake wa gundi, akaubana kwa kiganja chake kilichovimba, akaendelea kuubana hata baada ya kushika.

Asubuhi waliongozana, kwa kuwa hospitali ilikuwa upande wa kazini kwake. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa bado, hivyo mlinzi wa geti aliipokea bahasha, akaigeuza.

"Haina jina."

"Ni ya mama wa kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume. Yule anayesoma."

"Siku hizi hasomi. Anakaa tu."

"Mgonjwa wake je?" mkewe aliuliza.

"Bado yupo," mlinzi alisema. Aliipapasa bahasha kuona kama ina pesa, akaona ni karatasi tu, nyingi. Akamwita mhudumu aliyekuwa akiingia zamu, akampa, akamwonyesha kwa kidole lilipo dirisha.